KIVULI KITOLEWE KIDOGO KIDOGO
(Maneno ya Kamati ya Bustani mkutanoni. Yamebandikwa hapa kwa faida ya wasiofika.)



Tunaanza kwa kujikosoa. Kiangazi kilichopita miche yetu ya kabichi na sukuma wiki ilikufa karibu yote. Wapo waliosema mbegu ilikuwa mbovu. Wengine wakanong'ona kuwa kuna mkono wa mtu. Siyo kweli. Miche iliota vizuri, ikanawiri chini ya kichanja. Kosa ni letu sisi kamati: siku ya kuhamisha tuliezua kichanja chote saa nne asubuhi, tukapanda juani na kwenye upepo. Ilipofika saa tisa miche imelala. Jasho la akina mama waliobeba maji wiki sita likapotea siku moja. Tunaomba radhi.

Basi safari hii tufanye hivi:

1. KITALU. Upana mita 1, ili mtu afikie katikati bila kukanyaga. Samadi iwe imeoza. Mistari iachane sentimita 15, mbegu isifukiwe zaidi ya sentimita 1. Funika kwa nyasi. Miche ikianza kuchungulia, nyasi zitoke jioni ileile, siyo kesho. Ukichelewa mche unarefuka kama uzi.

2. KICHANJA. Kimo mita 1. Upande wa mashariki uinuke, jua la asubuhi liingie. Magharibi kishuke, maana jua la alasiri ndilo linalounguza. Mabua ya mahindi ni chakula cha ng'ombe, kwa hiyo tutumie fito za mbaazi na nyasi.

3. KUZOEZA MICHE. Hapa ndipo tulipoanguka. Mche wa kivulini una majani laini, haujui jua. Siku 10 kabla ya kuhamisha, anza kupunguza nyasi za kichanja, kidogo kila baada ya siku mbili. Maji nayo yapungue, ila mche usinyauke. Siku mbili za mwisho ukae wazi kabisa. Hata mtoto haachishwi ziwa kwa siku moja.

4. KUHAMISHA. Jioni, kuanzia saa kumi na moja, au siku ya mawingu. Mwagilia kitalu kwanza, mche utoke na udongo wake. Ukishapanda, chomeka tawi lenye majani upande wa magharibi, likae siku tatu au nne.

5. UPEPO. Upepo wa kiangazi unakausha kama jua. Wakati wa mvua tupande mistari 2 ya mbaazi upande unakotoka upepo. Kiangazi zitakuwa zimesimama. Tusizibe kabisa kama ukuta, kwa sababu upepo ukiruka ukuta unaanguka nyuma yake na kuzunguka kwa nguvu. Uzio mzuri unapitisha upepo kidogo.

6. MATANDAZO. Nyasi kavu, unene wa vidole vinne, zisiguse shina, lisije likaoza au kuliwa na mchwa.

Ndugu wanachama, thamani ya ndoo moja ya maji hapa Kansay mnaijua wenyewe. Kuanzia sasa mtu asitoe nyasi za kichanja nje ya zamu yake, hata awe mwanakamati. Na atakayeona kosa aseme palepale, asingoje mkutano. Ushirika siyo kugawana mboga tu, ni kusahihishana pia.

Tukutane kitaluni, na kila mmoja aje na jembe lake.

KAMATI YA BUSTANI