Mashine Iliyokwama

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya mashine ndogo ya kupigia chapa, ambayo nusura tuiuze kwa kilo.

Tulipokuwa tukisafisha stoo ya kanisa letu, tuliikuta chini ya viti vilivyovunjika. Ilikuwa mashine ya kuwekwa mezani, yenye mpini mmoja, nayo ilishikwa na kutu hata haisogei. Mmoja wetu alidhani ni ya kukamulia miwa. Mwingine alisema ni ya kushonea viatu. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikuwa ameitwa tayari.

Tukataka kwanza kuona kama mpini unashuka. Tulichukua nyundo, tukaugonga. Mpini haukushuka, lakini kipande kidogo kinachoshika roli kilivunjika. Tulitazamana kimya.

Mzee mmoja wa ibada ya asubuhi alikuwa akipita. Alisimama mlangoni, akasema, "Mchungaji, mnapiga kitu ambacho hata jina lake hamlijui?"

Aliketi, akasugua ubavu wa mashine kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Jina likaonekana: Adana. Kisha akapima fremu ya kufungia herufi. Ilikuwa inchi 8 kwa 5. Akatueleza kwamba kampuni hiyo ilianza mwaka 1922, nayo ilikuwa Twickenham, Uingereza, na kwamba ni mashine ya watu wenye nafasi ndogo na fedha kidogo. Kumbe katika ujana wake alikuwa mpanga herufi! Kwa miaka mingi tulikuwa tumempa mkono kila Jumapili, wala hatukuwahi kumwuliza alifanya kazi gani.

Tangu siku hiyo tulifanya kama alivyotuagiza. Tulitia mafuta katika kila kiungo, tukangoja siku 3 bila kulazimisha kitu. Kila skrubu tuliyofungua tuliandika mahali pake. Kutu tuliiondoa taratibu kwa waya wa kusugulia sufuria. Tulipotaka kuipaka rangi upesi ili ipendeze, mzee alikataa. Alisema rangi juu ya kutu huficha ugonjwa tu. Roli zilikuwa zimelainika na kunata, zikavishwa mpira mpya. Kile kipande tulichovunja kilichongwa upya na fundi wa vyuma, nasi tukakilipia.

Hatimaye mpini ukashuka. Roli zikapanda juu ya sahani ya wino, sahani ikazunguka kidogo, na karatasi ikakandamizwa juu ya herufi za risasi. Mpini ulipoinuka, roli ziliteremka, zikazipaka herufi wino tena. Karatasi ya kwanza ilikuwa nzito upande mmoja na hafifu upande wa pili. Mzee alikaza skrubu zilizo nyuma kidogo kidogo, mpaka maandishi yakawa sawa.

Kazi hii si ngeni katika pwani yetu. Askofu Tozer na Edward Steere walifika Unguja mwaka 1864, na huko vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa kupanga herufi na kupiga chapa. Wengine waliwahesabu vijana hao kama bidhaa. Lakini mikono yao ilitengeneza kurasa ambazo watu walijifunzia kusoma.

Ndugu msikilizaji, huenda nyumbani kwako yuko mtu aliyekwama. Ni kijana asiyesema na mtu, au mume aliyerudi kutoka mjini akiwa amevunjika moyo. Umempiga kwa maneno makali, naye hakusogea. Labda kuna kitu ndani yake kimevunjika. Je, umemwuliza habari zake? Umengoja hata siku 3? Au unatafuta rangi ya kumpaka, ili majirani wasione kutu?

Nasi tunaosema haya ndio tulioshika nyundo. Kipande tulichovunja twakihifadhi mezani petu, kitukumbushe.

Tuombe. Bwana, utusamehe kwa yale tuliyovunja kwa haraka yetu. Utupe subira ya kumjua mtu kabla ya kumtengeneza, na moyo wa kulipia tulichoharibu. Amina.