Simtanki Lisilogongeka

Mtu akitaka kujua simtanki la nyumbani limebakiwa na maji kiasi gani, hapandi ngazi. Analigonga kwa kifundo cha kidole, kuanzia juu akishuka. Mlio ukibadilika, maji yapo hapo. Mgodi wa makaa ya mawe haugongeki hivyo, na maji yake hayangoji mtu aje kuyauliza.

Msikilizaji, leo twende Mpumalanga, Afrika Kusini, kwenye mji uliokuwa ukiitwa Witbank na ambao tangu 2006 ni eMalahleni. Maana yake ni penye makaa. Hata ile “-ni” ya mwisho ni ndugu ya “-ni” yetu ya nyumbani na sokoni.

Chini ya mji ule na pembezoni mwake pamechimbwa kwa zaidi ya miaka 100. Makaa yakishatolewa, miamba ya juu hupasuka, na maji ya mvua na ya ardhini hupata mlango. Mgodi nao hujipelekea maji yake: ya kunyunyizia penye meno ya mashine ili vumbi lisiruke, ya kutobolea miamba, ya kunywa. Mengi hurudi juu kwa pampu. Mengine hutoka kama unyevu ndani ya makaa, mengine kama mvuke katika hewa inayovutwa na feni kubwa. Yasiyotoka hujikusanya kwenye vyumba vya zamani vilivyokwisha kuchimbwa, gizani, nyuma ya kuta.

Kwa hiyo hesabu ni ile ile ya muuza duka: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Ugumu ni kwamba kilichoingia kupitia nyufa hakina risiti. Hujulikana kwa kupima vingine vyote, na kipimo kikikosewa mahali pamoja, jibu zima ni uongo.

Chukua pampu. Migodi mingi imezoea kuandika saa ilizofanya kazi, kisha kuzidisha kwa uwezo ulioandikwa kiwandani. Lakini maji ya mgodini yana mchanga wa makaa, na mapanga ya pampu hulika. Tuseme pampu iliandikiwa lita 100 kwa sekunde, sasa inatoa 80. Ikifanya kazi saa 20, daftari litaonyesha lita milioni 7.2 zimetoka, kumbe zimetoka milioni 5.76. Hizo nyingine milioni 1.44 zimeandikwa juu, zenyewe zingali chini. Kesho hivyo hivyo, keshokutwa hivyo hivyo. Ndiyo maana mita inapaswa ifungwe kwenye bomba lenyewe, nayo ikaguliwe, maana mita pia huziba.

Maji yaliyojificha nyuma ya ukuta si jambo la makaratasi. Desemba 1975, huko Chasnala nchini India, maji yalivunja njia na kuingia mgodini yakaua watu zaidi ya 370.

Sheria ya maji ya Afrika Kusini ya 1998 ina kifungu ninachokipenda. Inasema kuyatoa maji yaliyokutwa chini ya ardhi ili watu wafanye kazi salama nako ni kutumia maji. Mwenye mgodi hawezi kujitetea kwamba yeye alikuwa anayatupa tu. Ameyagusa, basi ni mtumiaji.

Na ni kweli yana matumizi. Mwaka 2007 pale eMalahleni kilifunguliwa kiwanda kilichochukua maji ya migodi ya makaa, kikaondoa tindikali kwa chokaa, kikayachuja chumvi, kikawapelekea wakazi maji ya kunywa. Kilianza na uwezo wa lita milioni 25 kwa siku. Kiwanda cha namna hiyo hakijengwi kwa kukisia. Lazima ujue yanaingia maji mangapi, masika na kiangazi, na yana nini ndani.

Hilo la “yana nini ndani” ndilo lililowaumiza watu wa Carolina, mji mwingine wa mkoa ule ule. Makaa huwa na madini ya salfa. Yakikutana na hewa na maji, tindikali huzaliwa. Januari 2012 mvua kubwa iliyasukuma maji makali ya eneo la migodi hadi kwenye bwawa la mji. Mabomba yakawa na maji yasiyonyweka. Julai, baada ya wakazi kwenda mahakamani, mahakama kuu iliamuru wapelekewe maji safi ndani ya saa 72. Tangu Januari! Tindikali hupimika kwa kifaa kinachoenea mfukoni.

Mgodi ukifungwa, pampu huzimwa na msoma mita hurudi kwao. Maji huendelea kupanda. Karibu na eMalahleni kuna mgodi ulioachwa mwaka 1953, na maji yake ya tindikali yameendelea kuvuja kuelekea mto Olifants, unaovuka mpaka hadi Msumbiji.

Sisi Tanzania tunao mgodi wa chini ya ardhi Kiwira, na maji ya upande ule huteremkia Ziwa Nyasa. Mimi si mhandisi. Ombi langu ni dogo: wavuvi wa Kyela waweze kusoma takwimu tatu kila mwezi, zikiwa zimebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata karibu na ratiba ya chanjo: maji yaliyoingia mgodini, yaliyotoka, na ukali wake.