Chombo cha Kupanda na Haki za Nyumba

Khutba ya kwanza

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemtiishia mwanadamu vyenye kumbeba barani na baharini. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, S.A.W., pamoja na Aali zake na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Amma baad. Ndugu Waislamu mliohudhuria hapa, nanyi akina mama, wazee na wanafunzi mnaotusikiliza majumbani, tunakuusieni pamoja na kuziusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu, kwani yeye ndiye atakayetuuliza kila shilingi tuliichuma wapi na tukaitumia katika nini.

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hawalioni kuwa ni jambo la dini, nalo ni kiasi gani cha kipato chake mtu apaswa kukitoa kwa ajili ya gari au pikipiki.

Wazee wetu wa Mpanda wanakumbuka zama ambazo safari ilikuwa ni ya gari-moshi, kwa ile reli ya kutoka Kaliua iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya madini ya risasi. Aliyeikosa treni alingoja. Hii leo Katavi ni mkoa wenyewe tangu mwaka 2012, na barabara ya lami yatufikisha Tabora. Pikipiki nazo zimeenea kuanzia mjini hadi Mishamo, Inyonga na Karema. Hii ni neema, na neema haikanushwi. Katika Surat An-Nahl Mwenyezi Mungu anatutajia farasi, nyumbu na punda kuwa ni wa kupandwa na kuwa ni pambo, kisha akatujulisha kuwa ataumba na tusivyovijua. Na Mtume wetu, S.A.W., amekihesabu kipando chema miongoni mwa mambo ya furaha ya mtu. Basi asije mtu akadhani kuwa tumepanda mimbari hii kuharimisha gari.

Lakini neema ina mizani yake. Katika Surat Al-Furqan Mwenyezi Mungu amewasifu waja wake ambao watumiapo hawafanyi israfu wala ubakhili, bali hushika njia ya katikati. Suala letu ni hili: hiyo katikati iko wapi?

Ndugu Waislamu, tutawasimulieni kisa, wala hatutamtaja mtu kwa jina. Mwenzetu mmoja, mkulima wa tumbaku, aliuza vizuri mwaka mmoja. Baada ya chama cha ushirika kukata deni la pembejeo, alibakiwa na fedha ambazo hakuwahi kuzishika maishani mwake. Akanunua gari lililokwishatumika. Siku alipolileta tulialikwa, tukaomba dua mlangoni pake, tukala wali, tukamsifu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza: ewe ndugu yetu, je, umeweka akiba ya chakula hadi mavuno?

Ilipofika Januari, mvua zikiwa zimeshika na njia za mashambani zimegeuka matope, giaboksi ikaharibika. Akauza magunia ya mahindi ili amlipe fundi. Gari halikupona, likawekwa juu ya mawe chini ya mwembe. Mkewe akawa anakwenda kwa jirani kuazima unga, na kila atokapo analipita gari lile. Binti yao akaacha kuja madrasa, na tulipouliza tukaambiwa kuwa anaona haya kwa kuwa ada haijalipwa. Siku tuliyoitwa kuwasuluhisha mume na mke, yule bibi alisema neno moja tu: "Masheikh, nyinyi ndio mlioliombea gari hili." Hatukuwa na jibu. Ndiyo sababu leo tunayasema yale ambayo tulipaswa kuyasema siku ile.

Kosa la ndugu yetu halikuwa kupenda gari. Kosa lake, nalo ni letu sote, ni kuupima uwezo wake kwa fedha za mwezi wa Julai. Mkulima aliyebakiwa na shilingi 4,800,000 baada ya madeni hana milioni nne na laki nane. Anazo shilingi 400,000 kwa kila mwezi wa mwaka, maana fedha nyingine hazitakuja mpaka msimu mwingine. Kipato cha mkulima hupimwa Januari. Na mchimbaji wa dhahabu, ambaye leo anapata na kesho anatoka shimoni mikono mitupu, ndiye mwenye haja zaidi ya kipimo hiki.

Tunayasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi. Mwombeni msamaha, hakika yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Khutba ya pili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Ndugu Waislamu, kabla ya kutaja bei ya gari, zitajwe kwanza haki. Haki ya kwanza ni nafaka ya mke na watoto, pamoja na mavazi, dawa na masomo yao. Hizi ni wajibu wa mume, wala si hisani yake. Ya pili ni wazazi wasiojiweza. Ya tatu ni deni lililokwishafika muda wake, nayo ya nne ni Zaka kwa aliyefikiwa na nisabu. Chombo cha kutembelea huja nyuma ya hizi zote. Akitanguliza gari, amewakopa watoto wake bila ya idhini yao.

Tena bei ya kununulia ni mlango tu. Mafuta husafiri mbali hadi kutufikia sisi tulio magharibi ya nchi, na mwaka 2022 tuliona jinsi petroli ilivyopita shilingi 3,000 kwa lita kwa sababu ya mambo yaliyotokea mbali nasi. Basi tufanye hesabu. Tuseme lita ni shilingi 3,200, na gari latumia lita moja kwa kilomita 10. Mwenye kwenda kilomita 30 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, atachoma mafuta ya shilingi 249,600. Aongeze shilingi 80,000 za kuweka kwa ajili ya matairi, oili, bima na fundi, jumla ni 329,600. Ikiwa mshahara wake ni 600,000, gari limekula zaidi ya nusu, na bado hajalipa hata senti ya mkopo alionunulia. Pikipiki iendayo kilomita 40 kwa lita, kwa safari zile zile, itatumia mafuta ya shilingi 62,400.

Mtauliza: kiasi gani basi? Sharia haikuweka namba, nasi hatuthubutu kuiwekea. Lakini tunayo rai. Saad bin Abi Waqqas, R.A., alipokuwa mgonjwa na kutaka kuusia mali yake, Mtume, S.A.W., alimruhusu theluthi, akamwambia kuwa hata hiyo theluthi ni nyingi, kwani kuwaacha warithi wakiwa na kitu ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Ikiwa theluthi ni nyingi katika sadaka ya kwendea Akhera, je, katika gari la kwendea sokoni? Kwa hiyo twaona nusu ya theluthi, yaani sehemu moja katika sita, iwe ndiyo mpaka wa gharama zote za chombo kwa mwezi. Kwa mwenye 600,000 ni shilingi 100,000. Kwa mkulima wetu wa 400,000, hazifiki hata 67,000. Hesabu ikikataa gari, isikilizwe. Pikipiki si aibu, baiskeli si aibu, wala miguu si aibu.

Ama chombo cha kazi, kama bodaboda au gari la mizigo, hicho kipimwe kwa kujilisha chenyewe. Na hapa tuna neno kwa vijana na kwa matajiri wenye kuwapa pikipiki kwa mkataba. Kuuza kwa malipo ya muda kwa bei iliyo juu ya bei ya taslimu kumeruhusiwa na wanazuoni walio wengi, kwa sharti bei ijulikane tangu mwanzo na isiongezwe kwa kuchelewa, maana nyongeza hiyo ni riba. Kijana alipaye shilingi 10,000 kila siku kwa mwaka mzima atakuwa amelipa 3,650,000. Na aijue jumla hiyo kabla ya kutia sahihi. Yaandikwe na yashuhudiwe, kama Surat Al-Baqara ilivyotuamuru juu ya deni. Na wewe mwenye pikipiki, kijana akiugua, au mvua ikamzuia, kumbuka kuwa sura hiyo hiyo imekuamuru umpe muda mwenye dhiki. Kumnyang'anya chombo akiwa amebakisha mwezi mmoja, ukala malipo yake yote ya miezi kumi na mmoja, ni dhuluma hata ikiwa karatasi inakuruhusu.

Wengine husema, "Nikope tu, Mungu atatoa." Mtu mmoja alimwuliza Mtume, S.A.W., kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali. Akaamrishwa amfunge kwanza, ndipo atawakali. Hesabu ndiyo kamba ya ngamia wetu. Ifanyeni nyumbani, mume na mke mkiwa mmekaa pamoja, kabla ya kwenda kwa muuzaji.

Ewe Mola wetu, tukinge na mzigo wa deni na kutawaliwa na watu. Vibariki vyombo vyetu, na wasalimishe wasafiri wetu. Ujaalie anachokipanda baba kisiwe ni chakula walichonyimwa watoto wake. Amin. Simamisheni Sala.