Santos ya Wanawake: Mabingwa Waliovunjwa



Ikitajwa Santos, kila mtu humkumbuka Pelé, na ni haki yake. Jioni hii naomba tumwache kidogo, tuitazame timu ya wanawake ya klabu hiyohiyo. Hoja yangu ni moja: makombe hayailindi timu ambayo viongozi wake wanaihesabu kuwa hisani.

Klabu ya Santos ilianzishwa tarehe 14 Aprili 1912, katika mji wa bandari wenye jina hilo, jimbo la São Paulo, Brazil. Tarehe 14 Aprili 1941, siku klabu ilipotimiza miaka 29, serikali ya Getúlio Vargas ilitoa sheria namba 3199 kuhusu michezo. Kifungu cha 54 kiliwakataza wanawake michezo iliyodaiwa kutopatana na maumbile yao. Kulingana kwa tarehe hizo ni sadfa ya kalenda tu, nami siijengei nadharia. Sheria hiyo haikuutaja mpira wa miguu kwa jina. Baraza la Taifa la Michezo ndilo lililoutaja mwaka 1965, zama za utawala wa kijeshi. Marufuku iliondolewa mwaka 1979, na kanuni za kuusimamia mchezo wa wanawake zikasubiri hadi 1983.

Pigeni hesabu. Pelé aliichezea Santos kuanzia 1956 hadi 1974. Katika miaka yote hiyo ambayo dunia iliimba sifa za kandanda ya Brazil, nusu ya Wabrazili walikuwa wamezuiwa kisheria kuucheza mchezo huo. Walicheza hata hivyo, vichochoroni na ufukweni.

Mlango ulipofunguliwa, waliotamba kwanza hawakuwa Santos bali Radar, klabu ya Copacabana, Rio de Janeiro, iliyotawala mashindano ya taifa katika miaka ya 1980. Wachezaji wake ndio waliokuwa uti wa mgongo wa kikosi cha Brazil kilichoshika nafasi ya tatu katika mashindano ya majaribio ya FIFA nchini China, mwaka 1988. Baadaye Radar ikafifia.

Santos iliunda timu ya wanawake mwaka 1997. Mashabiki waliwaita Nguva wa Vila, kwa heshima ya uwanja wao wa Vila Belmiro. Mwaka 2009 shirikisho la soka la Amerika Kusini, CONMEBOL, lilipoanzisha Copa Libertadores ya wanawake, Santos ikawa mwenyeji. Marta, mchezaji bora wa dunia wakati huo, aliletwa kwa mkopo kutoka Marekani. Cristiane alifunga mabao 15 katika mashindano hayo. Fainali ilikuwa dhidi ya Universidad Autónoma ya Paraguay, na matokeo yalikuwa 9–0. Fainali ya mabao tisa! Mwaka uliofuata Marta alikuwa ameondoka, lakini Santos ikatetea taji kwa kuifunga Everton ya Chile 1–0. Kwangu mimi ushindi huu wa pili ndio mkubwa zaidi, maana ulithibitisha kwamba timu haikuwa kivuli cha nyota mmoja.

Basi, Novemba 2011 klabu ilifanikiwa kumbakiza nyota wa timu yake ya wanaume, Neymar, kwa mkataba mpya, huku vigogo wa Ulaya wakimwania. Januari 2012 ikatangaza kuivunja timu ya wanawake, pamoja na ile ya futsal. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama na ukosefu wa wadhamini. Sisemi Neymar ndiye wa kulaumiwa. Mchezaji haandiki bajeti. Nasema viongozi walipotafuta pa kukata, mataji mawili ya bara hayakuwazuia.

Timu ilirudishwa mwaka 2015, na miaka miwili baadaye ikatwaa ubingwa wa Brazil mbele ya Corinthians. Mwaka 2018 ilifika tena fainali ya Libertadores, mjini Manaus, ikafungwa kwa penalti na Atlético Huila ya Kolombia. Hapo nyota wa Huila, Yoreli Rincón, akaeleza hadharani kwamba fedha za ubingwa zingekwenda kwa timu ya wanaume. Kilio kikasikika bara zima.

Kilichobadilisha mambo kwa kweli ni kanuni ya leseni ya CONMEBOL. Tangu 2019, klabu isiyo na timu ya wanawake hairuhusiwi kushiriki Libertadores ya wanaume. Wapo wanaoiona kanuni hiyo kuwa ya kulazimisha. Ndivyo ilivyo, na ilihitajika, kwa kuwa hiari ilikwisha kujaribiwa.

Desemba 2023 timu ya wanaume ya Santos ilishuka daraja kwa mara ya kwanza katika historia yake. Haikuvunjwa. Mwaka 2024 wanawake nao walishuka. Kwa hiyo nawaomba ninyi wanafunzi mtakaoandika historia ya klabu yoyote ya wanawake, msianzie kwenye kabati la makombe. Ombeni kwanza vitabu vya mhasibu.