Kwa Nini Kansa Huua Wazee Wengi Hapa Kuliko Kule

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia)

 

Vikundi kadhaa vilituomba tuzungumze juu ya neno ambalo linasemwa sana sokoni na matangani: ati kansa imechagua sehemu fulani za nchi yetu. Wengine wanasema ni maji. Wengine wanasema ni mbolea. Na wengine, wala si wachache, wanasema ni laana au mkono wa mtu. Maneno hayo yana gharama. Familia ikishaamini kuwa mzee wao amerogwa, mbuzi huuzwa, halafu ng'ombe, na miezi sita hupita kabla mzee huyo hajafikishwa kwa daktari. Kwa hiyo tuliona tulichunguze jambo lenyewe, tuone lipi ni kweli na lipi ni porojo.

Ni kweli kwamba kansa, au saratani, haiui sawasawa kila mahali. Lakini kabla ya kusema sehemu fulani ina kansa nyingi, lazima tujue watu wamehesabiwa namna gani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lenye makao Lyon, Ufaransa, lilikadiria kuwa mwaka 2022 Wakenya zaidi ya 44,000 walipata kansa na zaidi ya 29,000 walikufa kwa ajili yake. Angalieni neno hilo, lilikadiria. Hakuna aliyepita kaburi kwa kaburi. Daftari za kuandika wagonjwa wa kansa ziko katika sehemu chache, kama Nairobi na Eldoret, na kutokana na hizo wataalamu hupiga hesabu ya nchi nzima.

Sasa fikirini juu ya mzee anayefia nyumbani. Naibu wa chifu anaulizwa kibali cha mazishi, naye anauliza mzee alikuwa na nini. Jamaa wanajibu, "Aliugua kwa muda mrefu," au, "Ni uzee tu." Basi inaandikwa hivyo. Huyo mzee huenda alikuwa na kansa ya tumbo, lakini katika hesabu za serikali hayumo. Kumbe sehemu yenye hospitali nzuri na daktari wa kupima itaonekana kama ina kansa nyingi, na sehemu isiyo na kitu itaonekana kama ina afya! Tusidanganyike na ramani peke yake.

Jambo la pili ni umri. Kansa nyingi ni ugonjwa wa miaka iliyosonga. Mwili unavyokaa muda mrefu ndivyo madhara yanavyojikusanya ndani yake, na ndiyo maana hatari huongezeka mtu anapopita miaka 50, 60, 70. Hebu tufanye hesabu ndogo, ya mfano tu. Kijiji cha Juu kina watu 1,000. Vijana wengi wameenda mjini kutafuta kazi, kwa hiyo wazee wa miaka 60 na zaidi ni 200. Kijiji cha Chini pia kina watu 1,000, lakini wazee ni 50 tu. Mwaka huu kansa imeua wazee 4 kule Juu na wazee 2 kule Chini. Watu watasema, "Kule Juu kuna balaa, wamekufa mara mbili yetu." Lakini gawanyeni kwa idadi ya wazee. Juu ni wazee 2 katika kila 100. Chini ni wazee 4 katika kila 100. Kumbe ni kule Chini ambako mzee yuko hatarini mara mbili zaidi. Wataalamu wanapolinganisha wilaya na wilaya, au nchi na nchi, huwa wanafanya hesabu ya namna hii kwanza. Mtu akikuletea habari za kansa bila kukuambia wazee ni wangapi, muulize.

Baada ya kuondoa hayo yote, je, bado kuna tofauti? Iko, tena kubwa. Mfano ulio wazi kabisa hapa Kenya ni kansa ya umio, yaani ule mrija wa kupitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Wengi wetu huiita kansa ya koo. Kwa miaka mingi madaktari wa hospitali ya misheni ya Tenwek, huko Bomet, wameiona kansa hii kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka 2002 waliandika juu yake katika jarida la madaktari liitwalo Lancet, wakasema kwamba haiwakuti wazee tu bali hata vijana wa chini ya miaka 30. Wagonjwa wengi bado ni watu wa makamo na wazee, lakini hilo la vijana liliwashtua wengi.

Tena Bomet si peke yake. Ukichukua ramani ya Afrika utaona ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, ukafika hadi Afrika Kusini upande wa mashariki. Katika ukanda huo kansa ya umio ni ya kawaida. Vuka uende Afrika Magharibi, kama Nigeria au Ghana, ni nadra. Watu weusi kama sisi, jua lile lile, na umaskini kule pia upo. Kwa hiyo anayesema ni kwa sababu ya ngozi yetu au umaskini peke yake hajamaliza maneno.

Nje ya Afrika pia kuna sehemu kama hizo. China, kati ya mwaka 1973 na 1975, ilichunguza vifo vya kansa nchi nzima na kuchora ramani wilaya kwa wilaya. Wilaya ya Linxian, mkoani Henan, ilitokea kuwa na vifo vingi mno vya kansa ya umio. Huko lishe ilikuwa duni, matunda na mboga mbichi zilikuwa chache. Kisha iko Golestan, kaskazini mwa Iran, na hapa tukae kidogo kwa sababu habari zake zinatuhusu.

Watu wa Golestan wanakunywa chai sana. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo yao: waliwalinganisha wagonjwa wa kansa ya umio na majirani zao wasio wagonjwa, wakauliza chai wanainywa ikiwa na moto kiasi gani na baada ya dakika ngapi. Waliokunywa chai ya moto sana walionekana kuwa katika hatari mara nyingi zaidi kuliko waliokunywa chai ya vuguvugu. Na waliokunywa kabla dakika mbili hazijaisha tangu kumiminwa walikuwa katika hatari kuliko waliongoja dakika nne au zaidi. Mwaka 2016 IARC ikatangaza kwamba kunywa kitu chochote chenye moto wa zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi huenda kunasababisha kansa ya umio. Si majani ya chai yenyewe, wala si kahawa. Ni ule moto. Kila siku unachoma ngozi laini ya ndani, inapona, unaichoma tena, miaka 40.

Tunajua mnacheka, maana hapa kwetu chai huchemshwa pamoja na maziwa, ikamiminwa kikombeni ikitoa moshi, na mgeni akingoja ipoe mwenye nyumba hudhani hakuipenda. Lakini uchunguzi uliofanywa Eldoret, katika hospitali ya rufaa ya Moi, umeelekeza upande huo huo: vinywaji vya moto sana, pombe na tumbaku. Kwa wanaume, chang'aa na busaa vina sehemu kubwa. Na mtu anayechanganya pombe na sigara, au pombe na ugoro, anajiongezea hatari juu ya hatari.

Mursik je? Swali hili huulizwa kila tunapokwenda bonde la ufa. Imepimwa na wataalamu, nao wamekuta ndani yake kiasi cha asetaldehidi, ambayo ni kemikali ile ile inayotokea mwilini mtu anapokunywa pombe. Kwa hiyo si jambo la kupuuza. Lakini sisi tungeomba watu wasikimbilie kuvunja vibuyu. Huko Malawi na Afrika Kusini hawajui mursik ni nini, na ugonjwa wanao. Hakuna kitu kimoja kinachoeleza ukanda mzima, na wataalamu bado wanabishana.

Moshi wa jikoni tuutaje pia. Mama aliyepika kwa mafiga matatu ndani ya nyumba isiyo na dirisha tangu akiwa msichana amevuta moshi mwingi sana. Vikundi vilivyoanzisha miradi ya majiko yenye bomba la moshi vilifikiria kuokoa kuni. Vimesaidia mapafu vilevile.

Tukitoka bonde la ufa tukaenda Ukambani, hatari inabadilika. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, mahindi yaliyoota ukungu yaliwatia watu sumu ya aflatoksini. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317, na 125 walikufa. Wale waliuawa na sumu nyingi kwa mara moja, haikuwa kansa. Lakini sumu hiyo ikiliwa kidogo kidogo miaka mingi huharibu ini na kuleta kansa, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Dawa yake inaanzia ghalani: kausheni mahindi vizuri, msiyaanike kwenye udongo mtupu, msiyafunge kabla hayajakauka. Na yaliyoota ukungu msiyapelekee bibi mzee ati kwa kuwa hali sana.

Sasa tuseme juu ya lile linaloumiza zaidi. Sehemu mbili zinaweza kuwa na wagonjwa sawa lakini vifo visiwe sawa, kwa sababu ya barabara na pesa. Kwa miaka mingi mgonjwa wa hospitali ya serikali aliyehitaji tiba ya miale alikuwa na mahali pamoja pa kwenda, Kenyatta, Nairobi. Mzee kutoka Mandera na mzee kutoka Kiambu hawakuwa na nafasi moja. Miaka ya karibuni vituo vimefunguliwa Mombasa, Nakuru na Garissa, na hilo ni jema. Hata hivyo nauli, malazi na mtu wa kumsindikiza mgonjwa bado ni mzigo wa familia, na tunajua wazee ambao wamesema wenyewe, "Msiuze shamba kwa ajili yangu, niacheni." Mzee anaposema hivyo huwa anawafikiria wajukuu. Lakini mara nyingi anasema kabla hajapimwa, hata hajui ugonjwa wake ni upi.

Kwa hiyo vikundi vinaweza kufanya nini? Pesa za mzunguko tunazo. Vikundi vingine tayari vina mfuko wa mazishi, na tunauliza, kwa nini tuchangie jeneza haraka na nauli ya kwenda kupimwa tusichangie? Tengeni sehemu ya mfuko huo kwa wazee walio hai. Hakikisheni pia wazee wameandikishwa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na michango yao isikatike, maana wengi hawana simu wala hawajui kusoma ujumbe.

Mzijue dalili. Mzee akianza kusema nyama inakwama kifuani, halafu ugali unakwama, akawa anashushia kila tonge na maji, msingoje afikie kushindwa na uji. Huyo apelekwe kupimwa umio kwa kamera. Akichelewa, uvimbe huwa umekua sana, na mara nyingi kinachobaki ni kumwekea kibomba cha waya ili chakula kipite. Tenwek wamewawekea wengi. Hakiponyi, lakini mtu hula tena na watu wake, na hilo si dogo. Mama aliyekwisha koma hedhi akiona damu, hata tone, aende. Mzee anayekojoa kwa shida au kuamka usiku mara kwa mara aende. Mara nyingi si kansa, ila haiwezi kujulikana kwa kukisia. Na mtu akifia nyumbani, mpelekeeni naibu wa chifu karatasi za hospitali ili chanzo cha kifo kiandikwe sawasawa.

Baada ya mazungumzo kulikuwa na maswali. Mama mmoja aliuliza kama kansa ya koo huambukizwa kwa kutumia kikombe cha mgonjwa, kwa sababu nyumbani kwao baba mkwe ametengewa sahani yake na anakula peke yake nje. Tulijibu kwamba haiambukizwi hivyo hata kidogo, na mzee arudishwe ndani ale na wengine.

Swali la mwisho liliulizwa na mzee aliyekaa nyuma: "Sasa nyinyi mnataka tunywe chai baridi kama maji ya mto?" Watu walicheka sana. Tulimwambia hapana, mzee wetu. Mimina kikombe chako, kiweke mezani, uliza habari za ng'ombe na za watoto walioko shule. Zikipita dakika tano hivi, kunywa. Akasema kwa habari za ng'ombe zake hata dakika kumi hazitoshi.