Nabii Amosi na Gorogoro Iliyobonyezwa

 

Leo tumeombwa tuseme juu ya manabii wa Waebrania. Wengi wetu tukisikia nabii tunafikiri ni mtu wa kubashiri mambo ya kesho. Tukisikia sanamu tunafikiri ni kinyago cha mti. Hebu tufungue Biblia pamoja.

Mfalme Ahabu alimjengea Baali hekalu huko Samaria. Eliya akaipinga ibada hiyo mlimani Karmeli. Lakini soma Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21: Eliya yule yule amesimama katika shamba la mizabibu. Nabothi alikataa kuuza urithi wa baba zake, akasingiziwa, akauawa kwa mawe, shamba likachukuliwa. Mwenye kuabudu Baali na mwenye kunyang'anya shamba ni mtu mmoja! Ukimwacha Mungu wa haki, jirani hubaki kitu cha kutumiwa tu.

Amosi alikuwa mfugaji na mtunza mikuyu wa Tekoa, yapata mwaka 760 kabla ya Kristo. Aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo cha nafaka na kudanganya kwa mizani. Kuhani Amazia wa Betheli akamfukuza arudi kwao Yuda, akahubiri huko.

Hapa kwetu pia watu wamefukuzwa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa orgoiyot. Watu wapatao 700 walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, nchi ya joto na malaria. Hatusemi kwamba orgoiyot na Amosi ni sawa. Wazee wenu wanajua tofauti hiyo kutuliko sisi. Tunasema tu kwamba mwenye nguvu akiogopa neno, humwondoa msemaji. Mwaka 2022 malalamiko ya Watalai na Wakipsigis juu ya ardhi na mateso yalifikishwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Lakini tusiwanyoshee kidole Waingereza peke yao. Tulitembelea kikundi kimoja kinachonunua mahindi kwa magunia na kuwauzia wanachama kwa gorogoro. Mama mjane akauliza kwa nini gorogoro ya kikundi imebonyezwa chini. Mwenyekiti akamjibu, "Mama, kama hutuamini, tafuta kikundi kingine." Watu wakacheka. Sisi tulikuwa tumeketi pale pale, tukanyamaza, tukamaliza chai yetu. Njiani kurudi tukamkumbuka Amazia, tukaona aibu.

Wiki iliyofuata tulirudi na gorogoro nzima. Tukapima mbele ya wote. Mama alisema kweli. Tulimwomba msamaha, na kikundi kikamchagua asimamie upimaji.

Basi wapendwa, kipimo kikaguliwe mbele ya wanachama kila mkutano. Daftari ya pesa isomwe kwa sauti, hata kwa wasiojua kusoma. Na asifukuzwe mtu kwa sababu ameuliza.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika kikundi chetu, ni nani anayeogopa kuuliza?
2. Kipimo chetu kilikaguliwa lini mara ya mwisho?
3. Mwenzetu alipochekwa, sisi tulifanya nini?