Bakshishi katika Meli za Kitalii: Ijue Bei Kamili Kabla ya Kupanda

(Mada iliyotolewa katika kikao cha watumiaji wa bidhaa na huduma, Mombasa, kuadhimisha Siku ya Haki za Watumiaji Duniani, 15 Machi)





Mwaka uliopita alifika ofisini kwetu mwalimu mstaafu akiwa na karatasi nne mkononi. Wanawe walikuwa wamechanga fedha na kumlipia safari ya siku saba katika meli ya kitalii, yeye pamoja na mumewe na wajukuu wawili. Nauli yote ililipwa kwa wakala wa usafiri kabla hawajaondoka nchini. Asubuhi ya mwisho ya safari, familia ilikuta ankara mlangoni mwa chumba. Miongoni mwa yaliyoandikwa humo palikuwa na dola 504 za “ada ya huduma”, ambazo tayari zilikuwa zimekatwa kwenye kadi ya benki ya mumewe. Mama huyo hakupiga kelele. Aliziweka karatasi zile mezani na kuniuliza: “Mwanangu, bakshishi ni hiari au ni deni?”

Swali hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Jibu lake linategemea kampuni ya meli, mahali tiketi iliponunuliwa na maneno yaliyoandikwa katika mkataba. Kwa hiyo ni wajibu wetu kulipata kabla ya kulipa nauli, wala tusisubiri hadi meli ing’oe nanga.

Maana ya bakshishi

Katika desturi yetu, bakshishi ni zawadi ndogo anayopewa mtu aliyekuhudumia vizuri. Mtoaji hutoa kwa ridhaa na uwezo wake, na mpokeaji hana haki ya kuidai. Hata katika meli za abiria, zamani mambo yalikuwa karibu na hivyo. Usiku wa mwisho abiria alitia fedha katika bahasha, akampa mhudumu wa chumba chake na mhudumu wa meza yake, watu aliowajua kwa sura na kwa jina.

Utaratibu huo ulianza kubadilika hasa kuanzia karibu mwaka 2000, kampuni zilipowaruhusu abiria kula saa waitakayo na katika meza waitakayo. Abiria akawa anahudumiwa na mtu huyu leo na mwingine kesho, na bahasha ikakosa mwenyewe. Kampuni nyingi, hasa zile zinazohudumia soko la Marekani, ziliamua kukata kiasi maalumu kila siku katika akaunti ya kila abiria, kisha kuzigawa fedha hizo miongoni mwa wafanyakazi. Jina la bakshishi likabaki, lakini utaratibu ukafanana na ule wa ada.

Jinsi inavyotozwa

Ndani ya meli hizi fedha taslimu hazitumiki sana. Unapopanda, unasajili kadi ya benki au unaweka amana, kisha unapewa kadi ya meli ambayo hufungua chumba na kulipia kila unachonunua. Makato yote huingia katika akaunti hiyo, na abiria asiyeikagua hukutana na jumla yake siku ya kushuka.

Makato ya kwanza ni yale ya kila siku. Kwa kampuni kubwa za soko la Marekani, abiria wa chumba cha kawaida hukatwa kati ya dola 16 na 20 kwa siku, na wa vyumba vya kifahari hukatwa zaidi. Zingatieni kwamba hesabu hufanywa kwa kila abiria, si kwa kila chumba. Aghalabu mtoto huhesabiwa sawa na mtu mzima, ingawa baadhi ya kampuni huwasamehe watoto wachanga. Kwa familia ya mwalimu wetu, dola 18 mara watu wanne mara siku saba ni dola 504. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni zaidi ya shilingi 65,000, kabla benki haijaongeza gharama yake ya kubadilisha fedha.

Makato ya pili huambatana na ununuzi. Kinywaji cha baa, huduma ya kukandwa mwili na chakula katika mikahawa inayolipiwa kando huongezewa asilimia 18 au 20. Kinywaji cha dola 10 kwa nyongeza ya asilimia 18 huwa dola 11.80. Hapa pana mtego mdogo unaowanasa wengi: risiti unayopewa utie sahihi mara nyingine huwa na mstari mtupu wa kuandika bakshishi. Mtu asiyesoma vizuri hujaza mstari huo akidhani hajalipa, kumbe ametoa mara mbili.

Fedha huenda kwa nani

Katika kikao hiki wamo wazazi ambao watoto wao wanafanya kazi katika meli hizi, kwa hiyo jambo hili nitalieleza kwa uangalifu. Mhudumu wa chumba au wa meza hufanya kazi kwa mkataba wa miezi kadhaa mfululizo, akiwa mbali na nyumbani. Katika kampuni nyingi, mshahara wake wa msingi ni mdogo, na fungu la bakshishi ni sehemu kubwa ya pato lake. Fungu hilo hugawiwa pia watu ambao abiria hawaoni, kama vile wapishi, wasaidizi wa jikoni na wafuaji nguo.

Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, unataka baharia alipwe kwa ukamilifu, angalau kila mwezi, kwa mujibu wa mkataba wake. Hata hivyo, hauwazuii waajiri kufanya bakshishi iwe sehemu ya mapato. Hivyo abiria anapokwenda kufuta makato yake yote kwa sababu tu amekasirishwa na ankara, mara nyingi anayepungukiwa ni kijana aliyetandika kitanda chake. Aliyeandika tangazo la bei haguswi.

Je, unaweza kuiondoa?

Katika kampuni nyingi za soko la Marekani, abiria anaweza kwenda kwenye dawati la huduma kwa wageni kabla ya kushuka, akaomba makato ya kila siku yapunguzwe, yaongezwe au yafutwe. Nyongeza ya asilimia kwenye vinywaji na huduma nyingine kwa kawaida haifutwi. Zipo pia kampuni ambazo ada yao ya huduma ni ya lazima katika baadhi ya safari. Katika hizo, dawati haliwezi kukusaidia. Ukishashuka, kurejeshewa fedha huwa kugumu zaidi.

Kama huduma ilikuwa mbovu, toa malalamiko siku hiyo hiyo ili irekebishwe, na uombe yaandikwe. Kama huduma ilikuwa nzuri na umeshalipia makato ya kila siku, hudaiwi zaidi. Ukitaka kumpa mtu zawadi ya ziada kwa mkono wako, hiyo ndiyo bakshishi kwa maana yake ya asili. Fahamu tu kwamba katika baadhi ya kampuni, mfanyakazi anayepewa fedha taslimu na abiria aliyefuta makato yake hutakiwa kuziwasilisha katika fungu la wote.

Sheria inasemaje

Tatizo kubwa hapa linahusu tangazo. Ada ikiitwa ya hiari, kampuni hupata sababu ya kuiacha nje ya bei inayotangazwa, na safari huonekana rahisi kuliko ilivyo. Katika jimbo la California, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024 inakataza kuficha ada za lazima katika bei ya tangazo. Kampuni kubwa za meli zikaanza kuonyesha bei pamoja na kodi na ada za bandari, lakini bakshishi ikabaki nje kwa kuwa inahesabiwa kuwa ya hiari. Uingereza nayo, tangu Aprili 2025, inataka gharama za lazima ziingizwe katika bei ya mwanzo. Kabla ya hapo, mwaka 2019, kampuni ya P&O Cruises ya huko ilikuwa imeondoa makato ya kila siku na kuyaingiza katika nauli. Utaratibu wa nauli moja basi unawezekana.

Kwetu Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na huduma anayoinunua. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Ushindani kinaeleza kwamba mtoa huduma hapaswi kumtoza mtumiaji ada ambayo hakumjulisha mapema, hata ada hiyo iitwe kwa jina gani. Wakala anayeuza tiketi ya meli hapa nchini anapaswa kuyazingatia hayo, hata kama meli yenyewe inapeperusha bendera ya Panama, Bahamas au Malta.

Hali ni tofauti ukinunua tiketi mwenyewe kwa mtandao kutoka kampuni ya ng’ambo. Mwaka 1991, katika kesi ya Carnival Cruise Lines dhidi ya Shute, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba abiria mkazi wa jimbo la Washington alifungwa na sharti la tiketi lililotaka mashtaka yafunguliwe Florida, upande wa pili wa nchi yao. Kama Mmarekani alibanwa hivyo ndani ya nchi yake, mkazi wa Kisauni au Nakuru na azingatie ugumu utakaomkabili akidai dola mia tano.

Mambo ya kufanya

Kabla ya kulipa:

1. Muulize wakala maswali matatu: bakshishi imo katika nauli au haimo? Kama haimo, ni kiasi gani kwa kila mtu kwa kila siku, watoto wakiwemo? Je, inaweza kupunguzwa?

2. Omba majibu kwa maandishi. Ujumbe wa simu au barua pepe unatosha. Kauli ya “usijali, kila kitu kimelipiwa” isiyoandikwa ni vigumu kuithibitisha.

3. Linganisha safari mbili kwa bei kamili: nauli, kodi na ada za bandari, bakshishi ya siku zote, na usafiri wa kufika kwenye meli. Safari yenye nauli ya chini inaweza kuwa ghali zaidi ukishajumlisha.

4. Fikiria kulipia bakshishi mapema. Kampuni nyingi huruhusu, nawe utaingia melini ukijua kwamba deni hilo limekwisha, na kwa kawaida hutaguswa iwapo kiwango kitapandishwa baadaye.

Ukiwa melini:

5. Kagua akaunti yako kila siku mbili, kwenye simu, kwenye runinga ya chumbani au dawatini. Kosa la juzi ni rahisi kulieleza kuliko la wiki nzima.

6. Soma risiti kabla ya kutia sahihi. Ukiona ada ya huduma imeshaongezwa, piga mstari mahali patupu.

7. Asubuhi ya mwisho dawati huwa na foleni ndefu. Maliza mashauri yako usiku wa kuamkia siku hiyo.

Ukisharudi:

8. Hifadhi ankara, mkataba, tangazo na mawasiliano yote. Mwandikie kwanza wakala aliyekuuzia tiketi. Asipokujibu ipasavyo, tuletee malalamiko pamoja na nakala za karatasi hizo.

Hitimisho

Pengine mngependa kujua shauri la mwalimu wetu liliishaje. Ankara ya meli hatukuweza kuifuta, kwa sababu mkataba wa kampuni ulieleza ada hiyo, na muda wa kuomba ipunguzwe ulikuwa umepita. Lakini katika zile karatasi nne, moja ilikuwa barua ya wakala iliyosema wazi kwamba nauli imelipia gharama zote za ndani ya meli. Kwa barua hiyo tulimwita wakala, na baada ya majadiliano akakubali kumrejeshea mama fedha zake. Tangu wakati huo, bei zake huonyesha bakshishi katika mstari wake.

Jambo moja alilosema mama huyo nilipokuwa nikimsindikiza mlangoni sijalisahau. Alisema kwamba kijana aliyesafisha chumba chao alikuwa na adabu na bidii, na kama angeelezwa mapema, angelipa bila kinyongo. Kilichomuuma ni kuchukuliwa bila kuambiwa.

Mabibi na mabwana, mhudumu anastahili ujira wake, na msafiri anastahili kuijua bei. Mambo hayo mawili hayapingani, na yote huanza na swali linaloulizwa mapema. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Na wakasema pia, mali bila daftari hupotea bila habari. Ulizeni, andikeni, hesabuni, kisha pandeni meli mkiwa na amani.